Jeni 400 za pua: kwanini harufu moja watu wawili wanaisikia tofauti

Jicho lako linaona rangi zote za dunia hii, kanga, machweo, nyanya sokoni, kwa kutumia protini za aina tatu tu. Moja imeegemea bluu, moja kijani, moja nyekundu, ubongo unachanganya zinazobaki. Sasa pua nayo unadhani ina aina ngapi? Inakaribia 400. Na kila moja ina jeni yake peke yake, haijaazima kwa mwenzake.

Ukumbuke binadamu ana jeni kama 20,000 hivi za kutengeneza protini, yaani jeni zote zinazokujenga moyo, figo, damu, kucha, kila kitu. Kwahiyo karibu asilimia 2 ya jeni zako zipo kwa ajili ya kunusa. Kwa mamalia hii ni kati ya familia kubwa kabisa za jeni, na bado watu wanachukulia pua kama kitu cha kukaa katikati ya uso na kushikilia miwani.

Nimeona watu wengi mtandaoni wanagusia hizi habari kipande kipande, mara giligilani, mara mbwa, mara korona, mara "pua inatambua harufu trilioni", na nyingine zimetiwa chumvi kweli kweli. Ngoja tuanze chini kabisa.

Harufu ni molekuli ndogo zinazoruka hewani. Ukivuta pumzi zinapanda mpaka juu kabisa ya tundu la pua, kama usawa wa macho, huko kuna kipande kidogo cha ngozi laini chenye ute, na ndani yake mamilioni ya seli za neva. Kila seli imechomoza vinyweleo vidogo sana vinavyoelea kwenye ule ute, na kwenye utando wa vinyweleo hivyo ndo vipokezi vimekaa. Kipokezi ni protini (ndo zile aina karibu 400), mnyororo wa asidi amino, yaani matofali ya protini, 300 na ushee, umejikunja ukapenya utando wa seli mara saba, unaingia unatoka unaingia unatoka. Umbo hilo la kupenya mara saba wala si la pua peke yake. Vipokezi vya adrenalini viko hivyo hivyo, protini inayopokea mwanga jichoni iko hivyo, na dawa nyingi tu unazopewa hospitali zinalenga ndugu za hizi hizi.

Molekuli ya harufu ikikaa kwenye kitundu cha kipokezi, kipokezi kinabadilika umbo kidogo, upande wa ndani wa seli kinashtua protini inayoitwa Golf (hapana, haihusiani na mchezo), Golf inawasha kimeng'enya kinachotengeneza kemikali ya cAMP, cAMP inafungua milango, sodiamu na kalsiamu zinaingia, afu kalsiamu yenyewe inafungua milango mingine ya kloraidi, kloraidi inatoka, na hapo seli inapiga umeme moja kwa moja hadi ubongoni. Hayo yote ndani ya sehemu ya sekunde, kabla hujasema "nani kaunguza wali".

Sasa hizi jeni zilijulikanaje? Mpaka mwishoni mwa miaka ya 1980 watu walikuwa wanajua kuna Golf, wanajua kuna cAMP, lakini kipokezi chenyewe hakuna aliyekishika. Linda Buck alikuwa kwenye maabara ya Richard Axel pale Columbia University, New York, na alichofanya ni kufikiri vizuri kabla ya kuanza kuchimba. Alijiwekea dhana tatu: moja, vipokezi vya harufu vitafanana na ile familia ya kupenya mara saba, mbili, lazima viwe vingi vinavyofanana bila kuwa sawasawa, maana harufu ni nyingi, tatu, vitapatikana kwenye ngozi ya kunusia na si ini wala misuli. Akatumia PCR, njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi sana, kuvua jeni za aina hiyo kutoka kwenye pua ya panya. Na hapa ndo penye utamu: kila kipande cha DNA alichopata alikikata kwa vimeng'enya halafu anajumlisha urefu wa vipande. Ukikata kitu kimoja, vipande vikijumlishwa vinarudi urefu ule ule, si ndiyo? Kuna kimoja kikagoma, jumla ya vipande ikazidi sana urefu wa mwanzo. Maana yake ilikuwa moja tu, kile kilichoonekana kama kipande kimoja kilikuwa lundo la jeni nyingi zenye urefu sawa zimejificha pamoja. Mwaka 1991 wakachapisha jeni 18 za kwanza, wakasema zipo nyingi zaidi, na 2004 wakapewa Nobel ya tiba wote wawili. Mimi naona hii ni moja ya kazi safi sana za biolojia, kwasababu mtu aliona hesabu isiyojumlika akajua maana yake.

Jeni zenyewe zina majina yanayotisha kama namba za gari lakini mpangilio wake ni rahisi. Chukua OR7D4. OR ni kipokezi cha harufu, 7 ni ukoo, D ni tawi la ukoo, 4 ni namba ya mtoto kwenye tawi hilo. Ukiona P mwishoni ujue hiyo jeni imekufa, nitaifikia. Zimetawanyika karibu kromosomu zote isipokuwa ya 20 na ile ya Y, ila zinapenda kukaa kwa makundi, na kromosomu ya 11 ndo mji mkuu wao, imebeba nyingi kuliko nyingine yoyote. Tena jeni hizi ni fupi, sehemu inayoandika protini ina herufi kama 1,000 za DNA na kwa kawaida haikatwi katikati kama jeni nyingi zilivyo.

Haya, kosa kubwa ambalo karibu kila mtu analifanya ni kudhani kipokezi kimoja kina harufu yake moja, kwamba kuna kipokezi cha karafuu, kuna cha vitunguu, kuna cha petroli. Shuleni tulifundishwa kufuli na ufunguo, ukileta mfano ule hapa unapotea, kwasababu kwenye pua ufunguo mmoja unafungua makufuli kadhaa na kufuli moja linafunguliwa na funguo kadhaa, lingine linafunguka lote lingine robo. Mwaka 1999 kundi la Buck lilionyesha hivyo kwa kuchukua seli moja moja za pua ya panya, kuzinusisha kemikali tofauti, kisha kuangalia kila seli imewasha jeni gani. Kinachoitambulisha harufu kwa ubongo ni ule mkusanyiko, vipokezi gani vimewaka na kwa nguvu gani. Ndo maana kemikali ile ile ikiwa kidogo inaweza kunukia na ikiwa nyingi ikanuka, vinavyowaka vinaongezeka na mkusanyiko unabadilika.

Kwa hesabu hiyo mikusanyiko inayowezekana ni mingi kupita kiasi, na hapo ndo ile habari ya "trilioni moja" ilipotokea mwaka 2014. Iliandikwa kila mahali, bado inasambaa mpaka leo. Ila mwaka uliofuata watafiti walioipitia walionyesha kwamba njia iliyotumika kukadiria ni tete, ukigusa makisio yake kidogo tu jibu linaruka kutoka trilioni hadi namba ndogo za ajabu. Kabla ya hapo watu walikuwa wanataja 10,000, nayo haikuwa na msingi wowote wa maana. Kwahiyo ukikutana na mtu anakutajia idadi kamili ya harufu ambazo binadamu anazitambua, msikilize tu kwa heshima.

Kuna swali ambalo mimi naona ni gumu kuliko yote. Kila seli ya mwili wako ina hizo jeni zote 400, na kila jeni iko mara mbili, nakala ya baba na nakala ya mama, yaani nakala kama 800. Lakini seli moja ya pua inawasha nakala moja tu. Moja! Ikichagua OR7D4 ya mama basi ya baba inanyamaza na zingine zote zinanyamaza. Isingekuwa hivyo ubongo ungechanganyikiwa, kwasababu seli zote zilizochagua kipokezi kile kile zinapeleka nyuzi zao kwenye vituo vile vile ubongoni, vinaitwa glomeruli, na ubongo unasoma ni vituo gani vimewaka. Seli moja ikiwa na vipokezi kumi, umeme ukija utajua umetoka kwa kipi?

Seli inachaguaje moja na kuacha mia saba tisini na kitu? Kazi kubwa hapa imefanywa kwa panya na kundi la Stavros Lomvardas, Columbia hiyo hiyo. Kwanza jeni zote za kunusa zinafungwa, DNA yake inabanwa kwa nguvu isisomeke. Afu kuna vipande vya DNA vya kuwashia jeni, wakavipa majina ya visiwa vya Ugiriki (Lomvardas ni Mgiriki, unamuelewa), vipande hivyo viko kromosomu tofauti tofauti lakini ndani ya kiini cha seli vinakutana sehemu moja, vinakaa kikao, na kikao hicho kinawasha jeni moja tu. Protini yake ikianza kutengenezwa, yenyewe inarudisha taarifa kwamba mlango ufungwe, tumeshapata. Kromosomu tofauti kukutana namna hiyo ili kuwasha jeni moja ni kitu adimu sana kwenye biolojia.

Na hiki kikao kimekuja kueleza kitu ambacho wengi tumekipitia. Korona ilipoondoa watu harufu mwaka 2020 wengi walidhani kirusi kinaua seli za neva puani. Kumbe seli hizo hazina ule mlango wa ACE2 ambao kirusi kinautumia, wenye mlango ni seli za jirani zinazozihudumia. Sasa mbona harufu inapotea? Utafiti uliotoka 2022, kwa wanyama wa maabara na kwa tishu za watu waliofariki na korona, ulionyesha kwamba jirani zikiugua, ndani ya seli za neva mpangilio wa kromosomu unavurugika, kile kikao cha visiwa kinavunjika, na jeni za vipokezi zinazima. Seli ipo hai lakini haina kipokezi. Bahati nzuri seli za neva za puani ni kati ya chache mwilini zinazozaliwa upya maisha yote, ndo maana wengi harufu ilirudi, japo wengine ilirudi kwa fujo, kahawa ikawa inanuka kama chemba.

Turudi kwenye zile zenye P. Binadamu ana jeni za kunusa kama 850 ukihesabu zote, lakini zaidi kidogo ya nusu ni mfu. Zipo kwenye DNA, unaziona kabisa zinafanana na dada zao, ila zimepata hitilafu, herufi imedondoka au alama ya "simama" imetokea katikati, protini haimaliziki. Kila mtu anatembea na makaburi haya. Panya wa maabara ana jeni hai zipatazo 1,100, tembo wa Afrika karibu 2,000 ambayo ni rekodi, mbwa kama 800, na pomboo yeye karibu zote zimekufa, maana pua ya kunusa hewani chini ya maji ya nini.

Lakini usikimbilie kusema jeni nyingi ndo pua kali. Mbwa hafiki hata nusu ya za tembo na ni chini ya panya, na hakuna askari polisi anayetembea na tembo uwanja wa ndege. Mbwa kwetu sisi anazidi jeni mara mbili tu hivi, ila ngozi yake ya kunusia ni pana sana na hewa ndani ya pua yake inapita kwa njia maalum. Hata wale panya buku wa shirika la APOPO pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, wanaonusa kifua kikuu kwenye makohozi na mabomu ya ardhini, kinachowafanya wawe wa maana kazini ni pua pamoja na mafunzo ya miezi na miezi. Nasi wenyewe tumejidharau bure. Mwaka 2007 watafiti wa California walitandika uzi wenye harufu ya chokoleti kwenye nyasi, wakawafunga watu macho na kuziba masikio, wakawaambia fuateni kwa pua, na wengi wakaufuata wakiwa magoti chini kama mbwa kabisa, na walivyozidi kufanya mazoezi kasi ikaongezeka.

Kuna hadithi tamu kwamba mababu zetu wa jamii ya nyani walipopata macho ya rangi tatu wakaacha kutegemea pua, ndo jeni zikafa kwa mkupuo. Inasimulika vizuri sana. Ila jeni za nyani mbalimbali zilipohesabiwa upya kwa data pana mwaka 2010, mkupuo huo haukuonekana, jeni zimekuwa zikidondoka taratibu kwenye matawi tofauti, pamoja na yale yasiyo na rangi tatu.

Sasa tufike kwenye ugomvi wa nyumbani. Jeni iliyokufa kwako inaweza kuwa hai kwa mkeo. Na zilizo hai kwenu wote bado zinatofautiana herufi moja moja, na herufi moja inatosha kubadili asidi amino moja kwenye kitundu cha kipokezi. Mwaka 2014 watafiti waliopima vipokezi vingi kwenye seli za maabara walikadiria kwamba ukichukua watu wawili wowote, karibu asilimia 30 ya vipokezi vyao vinafanya kazi tofauti. Siyo tofauti ya kupenda au kutopenda, kipokezi chenyewe kinajibu tofauti.

Mfano uliochunguzwa vizuri ni OR7D4. Kemikali yake ni androstenoni, ambayo nguruwe dume asiyehasiwa anakuwa nayo kwenye mate na mafuta, na kwenye jasho la binadamu ipo kidogo. Mwaka 2007 Leslie Vosshall na Hiroaki Matsunami na wenzao walipima watu karibu 400. Wenye nakala mbili za jeni inayofanya kazi vizuri wengi waliisikia kali na inakera, kama jasho au mkojo. Wenye nakala zilizobadilika asidi amino mbili tu waliisikia hafifu, wengine kama vanila, wengine hawakusikia chochote. Kwahiyo wapenda kitimoto mkikaa meza moja, mmoja akasema nyama hii inanuka dume na wengine mnamcheka, kuna uwezekano kabisa yeye ndo anayesikia kilichopo.

Beta-ayononi ni kali zaidi kama ushahidi. Ni harufu ya maua ya urujuani, inawekwa kwenye marashi na vinywaji. Badiliko moja kwenye OR5A1 linaeleza zaidi ya asilimia 90 ya tofauti kati ya wanaoisikia vizuri na wasioisikia. Tabia za binadamu hazijipangi hivyo mara nyingi, kawaida kila kitu kina jeni mia na mazingira juu yake.

Halafu samaki. Shombo la samaki ni trimethilamini, na kipokezi chake kikuu kinatoka kwenye familia ndogo ya pembeni, za TAAR, ambazo binadamu amebakiwa nazo sita. Mwaka 2020 watafiti wa Iceland walinusisha watu zaidi ya 11,000, wakakuta wachache wenye hitilafu kwenye TAAR5 ambao shombo hawalisikii vizuri, kuna waliosema inanukia karameli, kuna waliosema waridi! Hitilafu hiyo Afrika ni adimu zaidi kuliko Iceland, kwahiyo wanaofanya kazi soko la samaki Feri wasiweke matumaini, wao wamezoea tu.

Kumbe kwa hayo yote mtu atauliza, mbona mpaka leo vipokezi vingi havijulikani vinashika harufu gani? Tatizo ni ukaidi wa protini zenyewe. Ukiweka jeni ya kipokezi cha pua kwenye seli ya kawaida ya maabara, protini inatengenezwa lakini inakwama ndani, haifiki kwenye utando. Mwaka 2004 ndo ikagunduliwa kwamba puani kuna protini wasindikizaji, zinaitwa RTP, ukiziongeza vipokezi vinafika juu. Kupata picha ya umbo halisi ilibidi kungoja hadi 2023, OR51E2 ikiwa imeshika propionati, kemikali yenye ukali wa jibini. Waliona kitundu ni kidogo sana, propionati imeshikwa upande wa asidi yake na asidi amino ya 262. Walipobadilisha asidi amino zilizobana kitundu wakaweka ndogo, kikapanuka na kipokezi kikaanza kuitikia asidi ndefu zaidi. OR51E2 hiyo hiyo iko pia kwenye tezi dume, na si ya peke yake kuzurura, vipokezi vya harufu vimekutwa kwenye figo, ngozi, hata mbegu za kiume, huko ni kemikali za mwili zinapimwa tu, hakuna anayenusa.

Na ile ya giligilani, wa Kenya dania, kwamba kuna jeni inayofanya inukie sabuni? Ipo kweli, OR6A2 inashika aldehaidi (kundi la kemikali zenye harufu), na aldehaidi za namna hiyo zipo kwenye majani ya giligilani na kwenye sabuni. Ilitokea kwenye utafiti wa 2012 wa watu zaidi ya 25,000 wenye asili ya Ulaya. Lakini utafiti huo huo ulikadiria kwamba jeni za kawaida walizopima zinaeleza chini ya asilimia 10 ya tofauti, iliyobaki ni mengine, pamoja na kama umekulia nyumba inayotia giligilani kwenye kila mboga. Sasa kuna kampuni zinazouza vipimo vya DNA mtandaoni na hilo ndo moja ya majibu wanayopenda kukupa, "unaelekea kuchukia giligilani". Kama una hamu ya kujua, fungu moja sokoni ni rahisi zaidi, na jibu ni la uhakika.